UZI: Jirani akichafua maji, nani alipe? Kisa cha Bahari ya Baltiki

1. Kila Ziwa Victoria likifunikwa na gugu maji, nasikia hoja mbili redioni na hapa mtandaoni. Ya kwanza: "Sisi tuna asilimia 6 tu ya ziwa, waulizeni wenzetu." Ya pili: "Mikataba ni ya kupigia picha, haijawahi kusafisha maji popote." Zote mbili hupigiwa makofi. Leo nataka tuzipime kwa bahari ambayo majirani wameivutania hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka 50. Sitaji chama wala mwanasiasa. Twende.

2. Bahari ya Baltiki iko kaskazini mwa Ulaya. Leo imezungukwa na nchi 9: Uswidi, Ufini, Urusi, Estonia, Latvia, Lithuania, Poland, Ujerumani na Denmark. Inaitwa bahari, lakini tabia yake ni ya ziwa. Kina chake cha wastani ni mita 55 hivi, mlango wake kule Denmark ni mwembamba, na maji yake huchukua kama miaka 30 kubadilika yote. Kikiingia kitu humo, hakitoki leo wala kesho.

3. Shida yake kubwa ni rutuba. Naitrojeni na fosforasi kutoka kwa mbolea, samadi na maji ya choo. Ile mbolea inayonawirisha mahindi, ikifika majini inanawirisha mwani. Mwani ukifa unazama, unaoza, unamaliza oksijeni kule chini, na viumbe wanakufa ama wanahama. Halafu kuna balaa lingine: oksijeni ikiisha, tope la chini linaachilia fosforasi iliyolala humo miaka mingi. Yaani hata ukifunga mabomba yote leo, bahari bado inalipa deni la zamani. Shika hilo, tutalirudia.

4. Tarehe 22 Machi 1974, nchi 7 zilizokuwa na pwani hapo zilitia saini mkataba jijini Helsinki. Kumbuka ni wakati wa Vita Baridi. Muungano wa Sovieti alikuwa mezani, Ujerumani Magharibi na Ujerumani Mashariki zote zilikuwa mezani. Hawa walikuwa wameelekezeana makombora. Kwa hivyo mtu akikwambia "na hawa majirani hatuwezi kuelewana", muulize kama sisi tuna uadui kuliko huo.

5. Lakini tusiwapambe sana. Mkataba wa 1974 uliacha nje maji ya ndani ya kila nchi. Yaani tulinde bahari pamoja, ila mambo ya ndani ya mipaka yangu usiyaingilie. Na uchafu mwingi unatoka huko ndani! Pengo hilo lilizibwa na mkataba mpya wa 1992, baada ya Sovieti kuvunjika. Huo uligusa maji ya ndani na pia mabonde ya mito yote inayomwaga Baltiki. Ulianza kutumika mwaka 2000. Hesabu mwenyewe: miaka 26 tangu saini ya kwanza.

6. Katikati ya hayo kuna ahadi ya 1988. Mawaziri walitangaza kupunguza rutuba hiyo kwa asilimia 50 kufikia 1995. Asilimia safi, mwaka safi, si unaijua hiyo lugha? 1995 ikafika. Kwenye maji taka na viwanda, nchi nyingi zilikuwa zimepiga hatua. Kwenye kilimo, lengo lilipita kando. Na upande wa mashariki, sehemu ya kushuka kwa uchafu ilitokana na uchumi kuanguka: mashamba hayakuwa tena na pesa za kununua mbolea. Kwa hivyo ukionyeshwa grafu inashuka kwenye jukwaa la siasa, uliza kwanza ni nini kiliishusha.

7. Sasa swali la pesa. Mwaka 1992 iliandaliwa orodha ya sehemu 132 zilizochafua zaidi. Mji wa St. Petersburg, wenye mamilioni ya watu, ulikuwa ukimwaga maji taka mengi mabichi kwenye Ghuba ya Ufini. Mwaka 2005 mtambo mkubwa wa kusafisha maji taka ulifunguliwa kusini magharibi mwa mji huo, na sehemu ya pesa ilitoka kwa nchi za Nordiki na Ulaya. Ndiyo, mlipa kodi wa Ufini alichangia vyoo vya Mrusi. Inaudhi kuisikia, lakini hesabu inakubali: mitambo ya kwao ilikuwa tayari inaondoa fosforasi nyingi, kwa hivyo kuondoa kilo moja zaidi nyumbani kungewagharimu kuliko kuondoa kilo moja kwa jirani asiyesafisha kabisa. Na maji ni yale yale.

8. Mwaka 2007, jijini Kraków, walipitisha mpango mpya. Safari hii hawakusema "sote tupunguze nusu". Walikadiria bahari inaweza kubeba kiasi gani, kisha kila nchi ikapewa fungu lake la kupunguza. Lengo lilikuwa bahari yenye afya kufikia 2021. Haikufika. Oktoba 2021 wakaandika mpango upya, sasa hadi 2030.

9. Nakiri, zamani hiki kisa nilikuwa nakitumia kuthibitisha ile hoja ya pili, kwamba mikataba ni bure. Nilikosea, ama nilikuwa sahihi nusu. Rutuba inayoingia Baltiki imepungua sana tangu miaka ya 1980. Maji bado ni mabaya kwa sababu ya lile deni la matopeni, na kwa sababu kilimo ni kigumu. Kiwanda kina bomba, unaweza kulifunga. Shamba halina bomba, na mwenye shamba anapiga kura. Kisha 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, wenzake walisimamisha mikutano rasmi naye. Mto Neva bado unamwaga Baltiki kama kawaida.

10. Turudi nyumbani. Ni kweli Tanzania ina asilimia 51 ya Ziwa Victoria, Uganda 43, sisi 6. Lakini Ghuba ya Winam, hapo Kisumu, ni ya kina kifupi na karibu imefungwa. Mito ya Nyando na Sondu Miriu inaingia humo na udongo na mbolea ya mashamba yetu. Uchafu wetu hauendi Mwanza kwanza, unakaa kwetu. Mtaalamu wa asilimia hakwambii hilo. Na makaratasi tunayo: itifaki ya bonde la ziwa ilitiwa saini 2003, na tume yake ina makao Kisumu hapo hapo.

11. Kwa hivyo msimu wa kampeni ukija, ziulizwe tatu. Maji taka ya miji yetu ya ziwani yanasafishwa kiasi gani, na nani ametenga pesa za mabaki? Nani atakaa na mkulima wa juu, kule mito inakoanzia, na atampa nini ili udongo wake ubaki shambani? Na fungu letu ni kilo ngapi kwa mwaka? Akijibu "mazungumzo na majirani yanaendelea", ujue hajajibu hata moja.

Wa Nyakach, Homa Bay na Budalangi, nyinyi mnaona maji hayo kila siku. Nikosoeni hapo chini.