Joto, Unyevu na Papasi: Historia ya Nyumba za Kasongo na Kabambare

Pampu ya joto ni mtambo unaohamisha joto kutoka mahali pamoja hadi pengine bila kulizalisha kwa kuchoma kuni, makaa au mafuta: kimiminika maalumu kinachozunguka ndani ya mabomba hugeuka mvuke na kufyonza joto upande mmoja, kisha mvuke huo hushindiliwa na kompresa, ukarudi kuwa kimiminika na kulitoa joto lile upande wa pili. Friji na kiyoyozi ni pampu za joto kwa asili yake, ingawa katika nchi za baridi jina hilo hupewa zaidi mitambo ya kupashia nyumba moto. Huko thamani ya mtambo hupimwa kwanza kwa fedha zinazookolewa katika malipo ya umeme au gesi, kipimo ambacho hakina maana kubwa kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, ambako wenyeji hawakuwa na desturi ya kulipia joto la chumbani. Historia ya ujenzi wa Kasongo na Kabambare inaonyesha vipimo vingine, vya kale zaidi, kwani huko nyumba ilihukumiwa kwa ukavu wake, kwa hewa yake, kwa wadudu iliowafukuza au kuwafuga, na kwa vitu ilivyoweza kuvihifadhi visiharibike.

Kumbukumbu za maandishi kuhusu nyumba hizo zinaanza na David Livingstone, aliyefika Kabambare, mahali alipopaita Bambarre katika shajara zake, mwezi Septemba 1869, na ambaye baadaye alikwama hapo kwa miezi mingi kwa sababu ya vidonda vya miguu, hata akapata wasaa wa kutazama mambo ambayo msafiri wa kupita asingeyaona. Aliandika kwamba barabara za vijiji vya Manyema, yaani Maniema ya leo, kwa kawaida zilielekezwa mashariki na magharibi, ili jua lizikaushe upesi baada ya mvua, na kwamba mapaa yaliezekwa kwa majani mapana na magumu, ambayo vikonyo vyake vilitiwa pengo na kuangikwa juu ya fito za mitende zilizopasuliwa nyembamba. Maji yaliteremka haraka juu ya paa la namna hiyo, na kuta za udongo uliopondwa vizuri zilibaki zimekingwa. Katika nchi ambayo mvua hunyesha kwa sehemu kubwa ya mwaka, mjenzi alipambana na unyevu kuliko joto lenyewe, maana unyevu ndio unaoozesha nguzo, unaootesha ukungu katika nafaka na unaomzuia mgonjwa wa kifua kupata nafuu.

Mjenzi huyo hakuwa na chombo cha kukaushia hewa isipokuwa jua na moshi. Moto wa kuni uliowashwa ndani ulikausha mahindi yaliyoning'inizwa juu yake, ukawafukuza mbu na kuyakinga mapaa na wadudu watafunao majani, lakini moshi huohuo uliwaumiza macho na mapafu wanawake na watoto waliokaa karibu na mafiga. Nyumba ya kale, kwa hiyo, ilikauka kwa gharama ya pumzi za wakazi wake, na gharama hiyo haikuingizwa katika hesabu yoyote.

Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Zanzibar na Unyamwezi walileta mtindo mwingine wa ujenzi. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kama Tippu Tip, alikutana na mpelelezi Mwingereza Verney Lovett Cameron mwaka 1874, kisha akafanya Kasongo kuwa makao yake makuu, na baadaye mji ukawa chini ya mwanawe, Sefu. Nyumba za mabwana wa mji zilikuwa na vyumba virefu, kuta nene za udongo na baraza pana mbele, yaani ukumbi wenye kivuli ambamo wageni walipokewa na mashauri yalikatwa. Ukuta mnene hupokea joto la mchana polepole na kulitoa usiku, na baraza huuzuia mwanga wa jua usiupige ukuta huo moja kwa moja, hivi kwamba nyumba hupoa bila mtambo wowote. Daktari Sidney Langford Hinde, aliyeingia Kasongo pamoja na jeshi la kikoloni la Francis Dhanis lililouteka mji tarehe 22 Aprili 1893, alieleza chumba alichokichukua kuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, kikiwa na mlango wa kutokea katika bustani ya michungwa. Kivuli hicho, bustani hiyo na mashamba ya mpunga yaliyouzunguka mji vilitengenezwa kwa mikono ya mateka na watumwa, nao hawakulala katika vyumba hivyo.

Njia zilezile za misafara zilizoleta milango na mazulia zilileta pia mdudu. Livingstone alisema kwamba papasi, kupe laini anayekaa katika nyumba za Waarabu na Waswahili, hakujulikana na Wamanyema kabla ya wageni kufika. Papasi hujificha mchana katika nyufa za sakafu kavu ya udongo na chini ya kuta, hutoka usiku, hufyonza damu ya aliyelala kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi mafichoni, na anaweza kuishi miaka kadhaa bila kula. Nyumba iliyohamwa na kukaliwa tena ilikuwa bado na papasi wake, na mtoto aliyelala juu ya mkeka chini aliumwa kabla ya mtu mzima aliyelala kitandani.

Uhusiano wa mdudu huyo na homa ya papasi, yaani homa inayopanda kwa siku chache, ikaondoka na kurudi tena, ulichunguzwa na Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, waliotumwa Kongo na Shule ya Tiba ya Tropiki ya Liverpool. Wao wenyewe waliugua homa waliyokuwa wakiichunguza. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905 akiwa na umri wa miaka 30, na kijidudu kinachosababisha homa hiyo kikapewa jina lake, Borrelia duttonii. Kwa kifo hicho Kasongo iliingia katika historia ya tiba, na somo lake lilihusu ujenzi moja kwa moja, kwa kuwa ufa mmoja wa sakafu ulitosha kuleta homa hata pale ambapo ukuta ulikuwa mnene na chumba kina ubaridi wa kupendeza.

Utawala wa Wabelgiji ulijenga kwa matofali ya kuchoma, ukamimina saruji sakafuni na kuliazima baraza pamoja na jina lake, hata Kifaransa cha Kongo kikaliita *barza*. Baadaye mabati, au manjanja kama yanavyoitwa mashariki mwa Kongo, yalichukua nafasi ya majani katika nyumba za wenye uwezo. Manjanja hayaozi wala hayashiki moto, lakini yasipowekewa dari huugeuza mchana kuwa tanuri na mvua kuwa kelele zinazomfanya mwalimu anyamaze darasani. Sakafu ya saruji ilimnyima papasi nyufa zake, na hapohapo paa jipya likaondoa ubaridi ambao majani yalikuwa yakiutoa bure. Mji wa kale wa Tippu Tip wenyewe ulibaki na jina la Tongoni, yaani mahali pa mahame.

Pampu ya joto iliifaa nchi hii kwanza kwa kutunza dawa. Friji ya mafuta ya taa, inayotokana na uvumbuzi wa Wasweden Baltzar von Platen na Carl Munters wa mwaka 1922, huhamisha joto kwa kuchemsha mchanganyiko wa amonia kwa mwali mdogo, bila kompresa wala umeme. Kuanzia 1971 Mradi wa Kasongo, ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulijaribu kuonyesha jinsi vituo vya afya vya vijijini vinavyoweza kuihudumia wilaya nzima, na utafiti wake kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1981, ulijadiliwa sana na mataifa mengine. Chanjo hiyo hudhoofishwa na joto, na zahanati huitunza kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mhudumu anayetumia friji ya mafuta ya taa hulazimika kupunguza utambi mpaka mwali uwe wa buluu, kwa sababu mwali wa njano huleta masizi, masizi huziba bomba, na dawa ya kijiji kizima huharibika kimyakimya.

Siku hizi friji za chanjo zinazoendeshwa na jua hugandisha barafu mchana na kuitegemea usiku, na kiyoyozi kinachofungwa katika chumba cha upasuaji, cha maabara au cha kujifungulia hufanya mengi zaidi ya kupoza. Mvuke wa hewa hugeuka matone juu ya bomba lake baridi na kutiririka nje, hivyo unyevu ambao wajenzi wa Manyema waliukausha kwa jua na moshi huondolewa bila moshi. Madirisha huweza kufungwa mbu wasiingie. Vitendanishi na mashine za kupimia hubaki katika hali iliyo sawa. Na hakuna mwali wala hewa ya sumu ndani ya chumba. Hata hivyo mtambo una masharti yake. Unadai umeme usiokatika ovyo, fundi na vipuri, na gesi zake nyingi huongeza joto la dunia zikivuja, jambo lililoyafanya mataifa yakubaliane mjini Kigali tarehe 15 Oktoba 2016 kupunguza matumizi yake. Tena haufanyi kazi vizuri chini ya manjanja yasiyo na dari, kwa kuwa joto linaloingia kutoka juu huushinda.

Kwa hiyo hospitali au shule inayojengwa leo kusini mwa Maniema inapaswa kuanza na baraza, dari, kuta zenye kivuli na sakafu isiyo na nyufa, kisha iweke pampu ya joto pale ambapo kazi ya chumba inaidai. Na faida yake ihesabiwe kwa dozi za chanjo zilizobaki nzima na kwa usiku ambao mgonjwa amelala bila kuumwa, kabla ya kuhesabiwa kwa fedha.