Asili ya Wapatidar wa Gujarat

Wapatidar ni kaumu ya Wahindu wakulima wa Gujarat, magharibi ya Bara Hindi. Mafungu yao makubwa ni mawili, Waleva na Wakadva. Hadithi iliyo mashuhuri yasema kuwa Waleva ni uzao wa Lava, na Wakadva ni uzao wa Kusha, wana mapacha wa Rama, mfalme wa Ayodhya. Kwa nasaba hiyo, mshika plau huhesabiwa mjukuu wa wafalme.

Ikipimwa kwa sauti za maneno, hadithi hii haisimami sawasawa. Kutoka Lava hata Leva ni mwendo mfupi; lakini kutoka Kusha hata Kadva hapana njia ya sauti ijulikanayo, na neno kadva katika Kigujarati lina maana ya uchungu wa ladha. Tena Wakadva wanayo hadithi nyingine. Yasimuliwa kuwa Uma, mke wa Shiva, alifinyanga sanamu 52 za udongo. Shiva akazitia uhai, zikawa asili ya koo 52. Huyo ndiye Umiya, mwenye hekalu mjini Unjha. Zamani ndoa za Wakadva zilifungwa kwa pamoja, mara moja katika muda wa miaka kama 10, kwa siku zilizotangazwa kutoka hekaluni humo. Hata watoto wachanga waliozwa, kwani aliyeikosa siku hiyo alikuwa na kungoja kwingi.

Majina yao nayo ni ushahidi. Hapo kwanza waliitwa Kanbi, jina linalonasibishwa na neno la Kisanskriti kutumbin, yaani mwenye nyumba alimaye. Patidar ni mwenye pati, fungu la ardhi ya kijiji. Na Patel ni cheo cha jumbe wa kijiji. Jina la Patidar likazidi kupata heshima, hata katika hesabu ya watu ya 1931 likaandikwa mahali pa Kanbi.

Uzito wa jina hilo ulionekana katika wilaya ya Kheda mwaka 1918. Mavuno yalikuwa yameharibika, na wakulima, wakiongozwa na Gandhi na Vallabhbhai Patel, aliyekuwa Mleva, walikataa kulipa kodi ya ardhi. Kwa mtu aitwaye Patidar, kunyang'anywa shamba kulikuwa ni kupokonywa mali na jina pia.

Katika nchi hiyo ya Kheda ndiko walikotoka wengi wa akina Patel waliohamia Afrika ya Mashariki tangu mwisho wa karne ya 19, ambako jina lao lilizoeleka kuwa la dukani na la ofisini. Basi hadithi ya Rama haithibitishi nasaba. Yathibitisha cheo ambacho wakulima hao walijidai. Hadithi ya udongo ndiyo iliyo karibu zaidi na majina yao wenyewe, maana Kanbi, Patidar na Patel, yote matatu, ni maneno ya shamba na kijiji.