Mapambo ya Noeli na Kazi ya Nyumbani: Historia ya Wapuliza Kioo wa Lauscha

Utangulizi

Kiswahili hutumia neno moja, kioo, kwa vitu viwili ambavyo lugha nyingi huvitenganisha: kitu kigumu kinachopenyeza mwanga, na kile ambacho mtu hujitazamia uso wake. Historia ya tufe la kioo linalotundikwa katika mti wa Noeli inapita kati ya maana hizo mbili. Tufe hilo lilikuwa kwanza kioo cha kupenyeza mwanga, kisha likageuzwa kuwa kioo cha kujitazamia kwa dawa iliyotiwa ndani yake. Mtu anayelisogelea huiona sura yake mwenyewe, imepinda na kupungua. Sura za waliolitengeneza hazionekani humo.

Makala haya yanawahusu watu hao. Waliishi Lauscha, kijiji kilichopata kuwa mji mdogo katika milima yenye misitu ya Thüringen, Ujerumani ya kati, nao kazi yao waliifanya nyumbani. Kwa kawaida, mtu akisikia kwamba pambo la sikukuu limetengenezwa nyumbani kwa mikono, hufikiri mara moja juu ya mapumziko: mama na watoto wamekaa jioni wakikata karatasi za rangi na kucheka. Mambo ya Lauscha yanaonyesha kwamba neno nyumbani lina upande wa pili. Nyumba yaweza kuwa mahali pa kupumzikia. Yaweza pia kuwa kiwanda kisicho na kengele ya kufunga kazi.

1. Kutoka tanuri hadi taa

Mwaka 1597 Johann Casimir, mtawala wa Coburg, aliwapa mafundi wawili, Hans Greiner na Christoph Müller, idhini ya kujenga tanuri la kioo katika bonde la Lauscha. Mahali hapo palikuwa na mahitaji makuu ya kazi hiyo: kuni za msitu, majivu ya kutengenezea potasi, mchanga na chokaa. Kijiji kilizaliwa kando ya tanuri. Lakini nafasi za kufanya kazi hapo zilikuwa chache, nazo zilirithiwa. Wana wa mafundi waliongezeka kuliko nafasi zenyewe.

Katika nusu ya pili ya karne ya 18 uliingia ufundi mwingine, yaani kupuliza kioo kwenye taa. Fundi alichukua mrija mwembamba wa kioo uliotoka tanurini, akaupasha moto katika ulimi wa taa ya mafuta uliochochewa kwa mvukuto, kisha akaupuliza kwa kinywa chake. Taa haikuhitaji jengo kubwa wala mtaji mkubwa. Meza iliyowekwa mbele ya dirisha ilitosha. Hivyo ndivyo kioo kilivyoondoka tanurini kikaingia nyumbani.

Miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyofanywa kwa taa hiyo zilikuwa shanga. Msomaji wa Kongo hana haja ya kuelezwa uzito wa kitu hicho kidogo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji hadi Nyangwe na Kasongo ilibeba shanga za kioo, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venezia, nazo zilipokewa kama fedha. Zile nyekundu zilizoitwa samesame zilipendwa sana, lakini kila nchi ilikuwa na chaguo lake, na mfanyabiashara aliyekosea rangi aliweza kubaki na mzigo usionunua hata chakula. Wapuliza kioo wa Ulaya nao walitawaliwa na sharti hilohilo: mnunuzi asiyewajua, aliye mbali, ndiye aliyeamua kitu gani kina thamani.

Ndiyo sababu Lauscha haikutegemea shanga peke yake. Nyumba zake zilitengeneza pia macho ya wanasesere waliouzwa na wafanyabiashara wa mji wa jirani wa Sonneberg. Na katika miaka ya 1830 Ludwig Müller-Uri alianza huko kutengeneza macho ya bandia kwa ajili ya watu waliopoteza jicho. Fundi aliyeweza kupuliza jicho la mwanadamu hakushindwa na tufe la kutundika mtini.

2. Tufe la kwanza

Desturi ya kuingiza mti nyumbani wakati wa Noeli ilikuwa imekwisha kuenea katika nchi za Kijerumani. Mti ulipambwa kwa matofaa, njugu na peremende, ambavyo watoto walivila sikukuu ikiisha. Wazee wa Lauscha husimulia kwamba fundi mmoja maskini, asiyekuwa na fedha ya kununua matofaa wala njugu, alipuliza mfano wake kwa kioo ili watoto wake wasikose mti. Hiyo ni hadithi, wala haipaswi kuchukuliwa kama hati. Hata hivyo inafaa kuzingatiwa, kwa kuwa inaeleza jinsi kijiji chenyewe kilivyopenda kuuelewa mwanzo wa kazi yake: pambo lilizaliwa na upungufu.

Maandishi yanasema machache zaidi. Katika daftari la oda la mwaka 1848 zimeandikwa dazeni sita za matufe ya Noeli ya ukubwa mbalimbali. Mwezi wa Desemba wa mwaka huohuo, gazeti la Illustrated London News lilichapa picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert wakiwa na watoto wao mbele ya mti uliopambwa. Albert alizaliwa karibu na Coburg, katika ukoo uleule uliotoa wafalme wa Ubelgiji, akiwamo Leopold II aliyeimiliki Kongo kuanzia 1885 hadi 1908. Picha hiyo ilichapwa tena Marekani mwaka 1850, nayo ilisaidia kuifanya desturi ya Wajerumani kuwa fahari ya nyumba nyingi za Uingereza na Marekani. Nyumba hizo zilihitaji mapambo.

Mambo mawili ya ufundi yaliiwezesha Lauscha kuitikia mahitaji hayo. La kwanza ni gesi. Mwaka 1867 kilijengwa kijijini kiwanda cha gesi, na fundi akapata moto mkali usioyumba, uliomwezesha kupuliza matufe makubwa yenye ganda jembamba sana. La pili ni fedha, kwa maana ya madini. Hapo awali matufe yalipakwa ndani risasi na bati; kuanzia miaka ya 1870 ilienea njia iliyotokana na uvumbuzi wa mwanakemia Justus von Liebig, ya kutumia nitrati ya fedha. Tangu hapo tufe likang'aa kama kioo cha kujitazamia.

3. Kazi ya jamaa nzima

Kazi iligawanywa kwa namna iliyofuata mpango wa jamaa. Mwanamume alikaa penye moto. Aliuzungusha mrija hadi kioo kikalegea, akapuliza, akaacha shingo ndefu ya kushikia. Mara nyingine alipuliza ndani ya kalibu, na kioo kikatoka kikiwa na umbo la tunda, kengele au uso wa mtu.

Mwanamke alichukua tufe lililopoa, akatia ndani kiasi cha maji ya nitrati ya fedha pamoja na dawa nyingine, kisha akalitikisa katika maji ya moto mpaka fedha ikashika ganda lote kwa ndani. Baadaye alilichovya katika rangi na kulisimamisha kwa shingo yake juu ya ubao ili likauke karibu na jiko. Shingo ilikatwa, kioo kikachorwa maua au nyota kwa brashi nyembamba, na watoto wakatia kifuniko kidogo cha bati chenye kitanzi. Watoto pia waliyapanga matufe katika maboksi, dazeni kwa dazeni.

Mara nyingi hayo yote yalifanyika katika chumba ambamo jamaa ilipika na kula. Harufu ya dawa na rangi ilichanganyika na ya chakula. Watoto waliporudi shuleni waliketi mezani kufanya kazi, na msimu ulipopamba moto taa hazikuzimwa mapema. Kwa kuwa shehena ya ng'ambo ilipaswa kuondoka miezi kadhaa kabla ya Desemba, Noeli ya Lauscha ilifanywa kiangazi: jasho lilitoka wakati wa jua ili furaha ionekane wakati wa theluji, nyumbani kwa watu wengine.

4. Bei na mwenye kuipanga

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo haikutimia Lauscha. Kizuri kilitembezwa, tena mgongoni mwa wanawake. Mpaka reli ilipofika mwaka 1886, walibeba vioo katika vikapu virefu wakashuka milima hadi Sonneberg, umbali wa kilomita zipatazo 20. Huko walikaa wafanyabiashara wenye oda za ng'ambo. Hao ndio waliopanga bei, na jamaa iliyokataa ilijua kwamba jamaa nyingine itakubali.

Mmarekani F. W. Woolworth, mwenye duka huko Lancaster katika jimbo la Pennsylvania, alinunua mapambo hayo kwa mara ya kwanza mwaka 1880, kwa kusitasita, kwa thamani ya dola 25 tu. Yaliisha katika siku chache. Kadiri maduka yake yalivyoongezeka, ndivyo Woolworth alivyokuwa mmoja wa wanunuzi wakubwa wa bidhaa hiyo. Alipozuru Thüringen mwaka 1890, aliandika katika barua zake juu ya umaskini wa nyumba alimoyachagua mapambo. Umaskini huo ulimshangaza. Lakini ndio uliomwezesha kuyauza kwa senti chache.

Ujerumani yenyewe haikufumba macho kabisa. Sheria ya mwaka 1903 ya kuwalinda watoto iligusa hata kazi inayofanywa chini ya mamlaka ya wazazi, ikakataza kumtumikisha mtoto wa nyumbani aliye chini ya miaka 10. Hata hivyo mkaguzi aliweza kuingia katika kiwanda kimoja kikubwa kwa urahisi kuliko katika nyumba mia. Mwaka 1906 yalifanyika mjini Berlin maonyesho ya kazi za nyumbani kutoka pande mbalimbali za nchi, na vitu viliwekwa pamoja na maandishi yaliyoeleza muda uliotumika na ujira uliolipwa. Mtazamaji alilazimika kusoma kile ambacho dukani hakikuandikwa kamwe.

5. Mashine, mpaka na urithi

Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914-1918, viliikatia Lauscha masoko yake ya Uingereza, Ufaransa na Marekani. Biashara ilirudi katika miaka ya 1920, lakini Vita vya Pili vilipokaribia Wamarekani walitafuta njia yao wenyewe. Mwaka 1939 kiwanda cha Corning, kilichokuwa na mashine ya kutengeneza balbu za umeme, kiliigeuza ipulize matufe ya Noeli, mamia kwa dakika moja. Hakuna kinywa cha mwanadamu kilichoweza kushindana nayo.

Baada ya mwaka 1945 Lauscha ilijikuta katika eneo lililoshikwa na Warusi, na tangu 1949 katika Ujerumani ya Mashariki, karibu sana na mpaka. Kazi ilikusanywa hatua kwa hatua katika shirika la serikali. Baadhi ya jamaa zilivuka kwenda Neustadt, upande wa Magharibi, zikiwa hazina mali nyingi isipokuwa ujuzi; huko zikaanza upya. Ujerumani ilipoungana mwaka 1990 shirika la serikali lilivunjwa, na karakana ndogo za jamaa zikafunguliwa tena Lauscha, safari hii katika soko lililojaa mapambo ya viwandani.

Mwaka 2020 UNESCO iliandika katika orodha ya urithi wa wanadamu ufundi unaofanana na huo, wa kutengeneza mapambo ya Noeli kwa shanga za kioo katika milima ya Chekia. Mwaka 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana, uliandikwa ujuzi wa kutengeneza kioo kwa mikono wa nchi sita, Ujerumani ikiwa mojawapo. Orodha hiyo ndiyo iliyopokea rumba ya Kongo mwaka 2021.

Hitimisho

Ni rahisi kuisoma historia hii kama safari kutoka umaskini hadi heshima. Lakini heshima ilikuja pale tufe la mkono lilipoacha kuwa kitu rahisi. Wakati dunia nzima ilipolihitaji, waliolitengeneza hawakuwa na uwezo juu ya bei yake. Walipoanza kuwa na uwezo huo, idadi yao ilikuwa imepungua sana. Kilichodumu katikati ya mabadiliko hayo yote ni ujuzi uliopita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, mbele ya moto uleule uliowachosha wote wawili.

Katika miji ya Kongo pia, Noeli na Bonane zikikaribia, nyumba hupambwa kwa majani na karatasi za rangi, na pengine kazi ya mkono inayoanza kama furaha ya watoto huishia kuwa riziki ya jamaa. Si jambo la kulaumiwa. Lakini kila pambo linalosifiwa kwamba limetoka nyumbani linastahili kuulizwa maswali ambayo maonyesho ya Berlin yaliyaweka wazi mwaka 1906: limechukua saa ngapi, limelipwa kiasi gani, na nani alikaa mezani usiku ili likamilike. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama nyumba hiyo nayo ilipata sikukuu.