Hali za mpakani: kutenga kumbukumbu katika lugha ya C

Mkazi wa Gisenyi, Rwanda, hahitaji kuelezwa mpaka ni nini. Anatembea hadi Petite Barrière, anavuka, na tayari yuko Goma, Kongo: sarafu nyingine, askari wengine, ushuru mwingine, ingawa Kiswahili cha kupatana bei ya nyanya ni kilekile. Anajua pia mpaka uko wapi kabla hajatoka nyumbani. Kwa sababu hiyo napendekeza istilahi "hali ya mpakani" kwa dhana ambayo waandishi wa programu huitumia kila siku (edge case): thamani inayokaa mwisho kabisa wa kile ambacho programu imeruhusiwa kupokea, kama sifuri, namba kubwa kuliko zote, orodha tupu, au kielekezi kisichoelekeza popote.

Tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni "hali adimu", nami naikataa. Uadimu unaeleza jambo hutokea mara ngapi, ilhali mwandishi wa programu anataka kujua liko wapi. Akiambiwa ni adimu ataliahirisha. Akiambiwa ni la mpakani atakwenda kulikagua, maana mahali pake panajulikana.

Neno la pili ni kutenga. Wapo wanaosema "mgao wa kumbukumbu", lakini msomaji wa Tanzania akisikia mgao hufikiria umeme kukatika. Kutenga ni kitenzi cha bajeti: fedha iliyotengwa haijatumika bado. Hivyo ndivyo inavyofanya malloc, kitendakazi cha C cha kuomba kumbukumbu. Inatenga nafasi ya baiti ulizoomba na kukurudishia kielekezi, basi. Haisafishi kitu, takataka za aliyetangulia zinaweza kuwa bado zimo. Anayetaka nafasi iliyojazwa sifuri huita calloc.

Tuchukue mfano unaoeleweka Rubavu, wilaya ya Gisenyi. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na kwa siku kadhaa baadaye ardhi ilitetemeka Goma na Gisenyi hadi nyumba zikapasuka. Fikiria programu ndogo ya C inayopokea orodha ya mitetemo ya siku moja kutoka kwenye kifaa cha kupimia. Kila rekodi inachukua baiti 24. Programu inasoma kwanza idadi ya rekodi, tuiite n, kisha inaomba malloc(n * 24).

Siku ya utulivu n ni sifuri. Je, malloc(0) inarudisha nini? Kiwango cha lugha ya C kinaruhusu majibu mawili: NULL, yaani kielekezi kisichoelekeza popote, au kielekezi halali cha kupewa free (kitendakazi cha kuachilia nafasi) lakini kisichoruhusiwa kusomwa wala kuandikiwa. Kila maktaba imechagua lake. Kwa hiyo programu inayotafsiri kila NULL kuwa "kumbukumbu imeisha" itatangaza hatari kwenye mashine moja na kunyamaza kwenye nyingine, kwa siku ileile isiyo na mtetemo wowote. Dawa ni kuuliza kuhusu n kabla ya kuomba chochote: ikiwa sifuri, hakuna cha kutenga.

Mpaka wa juu ni hatari zaidi. Kwenye kifaa cha biti 32, namba kubwa kabisa ambayo size_t, aina ya namba inayobeba ukubwa, inaweza kushika ni 4,294,967,295. Ikizidi hapo, hesabu inaanza upya kutoka sifuri bila onyo lolote. Sasa tuseme faili limeharibika, au mtu mwenye nia mbaya amelichezea, na n inasomeka 178,956,971. Zidisha kwa 24 upate 4,294,967,304. Mashine inabaki na 8. Programu imetengewa baiti 8 na inaamini ina nafasi ya rekodi karibu milioni 179. Rekodi ya kwanza tu inamwagikia kwenye kumbukumbu isiyo yake. Malloc haina kosa hapa, kwani ilipokea namba 8 na ikatoa 8. Calloc hupokea namba mbili zikiwa mbalimbali, na maktaba za kisasa hukagua zao la namba hizo kabla ya kutenga. Kwa kazi hiyohiyo mfumo endeshi wa OpenBSD ulileta reallocarray mwaka 2014, na glibc, maktaba ya C ya Linux, ikaufuata mwaka 2017.

Mitetemo ikiongezeka, nafasi lazima ipanuliwe kwa realloc, na hapa wengi huandika p = realloc(p, ukubwa), p ikiwa kielekezi cha rekodi. Realloc ikishindwa inarudisha NULL, lakini nafasi ya zamani inabaki ilivyo. Aliyeandika hivyo amefuta anwani pekee ya rekodi zake: bado zimo kwenye kumbukumbu na hana njia ya kuzifikia wala kuziachilia. Jibu la realloc liwekwe kwanza kwenye kielekezi kingine, likaguliwe, ndipo lichukue nafasi ya p.

Na realloc(p, 0)? Kiwango cha 1989 kilisema nafasi inaachiliwa. Matoleo yaliyofuata yakaacha mwanya, maktaba zikatofautiana, na C23, iliyochapishwa mwaka 2024, ikaamua kuwa tabia yake haifafanuliwi kabisa. Glibc huachilia nafasi na kurudisha NULL. Mwandishi mwangalifu anayeiona NULL hiyo, akadhani realloc imeshindwa na kuita free(p), ameachilia kitu kimoja mara mbili. Umakini wake wenyewe ndio unaoangusha programu. Msiite realloc kwa sifuri; mkitaka kuachilia, iteni free. Yenyewe haina mtego kwenye mpaka wake: ikipewa NULL haifanyi chochote.

Nyabihu, wilaya jirani na Rubavu, kuna Rwanda Coding Academy iliyoanza mwaka 2019, na programu za vifaa vidogo ni sehemu ya mafunzo yake. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayefundisha C katika ukanda huu, Goma ikiwemo: mwanafunzi akileta programu yake ya kwanza inayotenga kumbukumbu, ijaribuni kwanza kwa n ya sifuri, kisha kwa 178,956,971, ndipo mjaribu kwa 10.