Swichi Ilipowafumba Macho Waangalizi wa Mtandao

Robert Metcalfe alipobuni Ethernet mwaka 1973 katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC, California, kompyuta zote ziliunganishwa kwenye kebo moja. Kebo ile ilikuwa kama baraza: likitamkwa neno, wote wamelisikia. Kwa siri za watu ulikuwa udhaifu mkubwa. Kwa fundi ilikuwa neema, maana kifaa kimoja kilichochomekwa popote kilisikia kila kitu.

Mwaka 1986 kampuni ya Network General ilileta Sniffer, chombo cha kusoma pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni) kilichotengenezwa kutokana na kompyuta ya kubebeka. Lakini kilisikia pale kilipo tu. Tatizo likitokea mji mwingine, ilibidi mtu afunge safari, na mara nyingi akifika, tatizo limekwisha kupita.

Jibu lilikuja Novemba 1991 katika waraka RFC 1271, wenye jina la Steven Waldbusser wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Kanuni ya waraka huo, RMON, iliweka kifaa kiwe mwangalizi wa kudumu huko huko mbali. Hakungoja kuulizwa na makao makuu kila dakika. Alihesabu pakiti mwenyewe, akatunza kumbukumbu, akapiga kengele kiwango kikivukwa. Hata njia ya kwenda makao makuu ikikatika, aliendelea kuhesabu. Huo ndio ubora wake, na hadi leo naona ni wazo lililofikiriwa kwa kina.

Ila mwaka mmoja kabla, kampuni ya Kalpana ilikuwa imeshatoa EtherSwitch, swichi ya poti saba. Swichi humpelekea pakiti mlengwa peke yake. Mtandao ukawa mwepesi, na mwangalizi akawa kiziwi: kwenye poti yake hazikufika tena ila pakiti zake na matangazo ya wote.

Mafundi wakaamuru swichi inakili data ya poti moja kwenda nyingine. Kwa poti moja inafaa. Ukinakili ishirini kwenda kwenye moja yenye kasi ileile, pakiti zinamwagika. Watengenezaji nao wakaiweka RMON ndani ya swichi, lakini kwa kuchelea gharama ya kumbukumbu na prosesa, wengi walichukua makundi manne kati ya tisa ya RMON: takwimu, historia, kengele na matukio. Jedwali la nani anawasiliana na nani, lililokuwa na thamani kubwa kuliko yote, likaachwa nje.

Juni 1999 ukatoka RFC 2613, uliopanua RMON kwa ajili ya swichi, Waldbusser akiwa miongoni mwa waandishi wake. Septemba 2001 wahandisi wa InMon, akiwemo Peter Phaal, wakachapisha sFlow: swichi isihesabu zote, ichukue pakiti moja tu kati ya nyingi, kwa kubahatisha, iitume kwa mkusanyaji.

Sampuli hizo hukadiria vizuri mawasiliano mazito. Mawasiliano madogo yanaweza kupita bila kuonekana kabisa, na anayeyatafuta hayo bado hana budi kunakili poti.