Mkono wa Santuri na Sauti ya Siti

Somo letu la leo ni kinanda cha santuri. Wewe uliyeko Kilwa Kivinje au Lindi, pengine umekiona kimoja kwa babu: sanduku la mbao, mpini wa kutilia ufunguo, na mkono wa chuma.

Mwezi wa Machi, 1928, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri kwenda Bombay, mji unaoitwa leo Mumbai, akaimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice. Sahani zake zilienea miji ya pwani, hata watu wasiopata kumwona waliijua sauti yake.

Sasa tazama sauti ilivyotoka. Katika sahani umechorwa mfereji mwembamba wenye kupindapinda. Sindano hupita humo na kutikisika, na mtikisiko huo ndio sauti. Sahani ilizunguka kama mara 78 kwa dakika. Kamani ikilegea, mwendo hupungua, na mwanamke huimba kwa sauti ya mwanamume!

Lakini shida kubwa ilikuwa mkono. Fikiri mlango wako: ukiufungua, ncha yake haiendi moja kwa moja, huzunguka kwa kufuata bawaba. Mkono wa santuri huenda vivyo hivyo. Chombo kilichochora mfereji, hata hivyo, kilikwenda sawasawa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Basi sindano husimama kombo, ikakwaruza ukuta wa mfereji. Mwaka 1924 Mwingereza Percy Wilson alionyesha kwa hesabu kwamba mkono ukipindwa kidogo, na ukafungwa mahali ambapo sindano inaweza kupita kidogo kitovu cha sahani, ukombo hupungua sana. Si kila kinanda kilichofuata kipimo hicho.

Tena mkono ulikuwa mzito, mara nyingi zaidi ya gramu 100 juu ya ncha ya chuma. Sahani ilitiwa unga wa mawe, ukailainisha ncha. Kwa hiyo sindano ilibadilishwa kila upande. Aliyebania sindano (nami simlaumu, zilinunuliwa kwa fedha) aliila sahani yake mwenyewe.

Siti alifariki mwaka 1950. Ukiikuta sahani yake sandukuni kwa bibi, usiipige kwa kinanda kile cha zamani. Isimamishe wima mbali na jua, maana joto huipinda. Kisha mtafute mwenye kinanda cha umeme, chenye mkono mwepesi na sindano ya sahani za 78, akunakilie.