Punda wa Turkana: Dalili za maradhi na lishe imfaayo

Farasi ni nadra kuonekana kaskazini-magharibi mwa Kenya. Kutoka Lodwar hadi Kakuma, mwendo wa takriban kilomita 120, ni punda abebaye maji, kuni, watoto na vyombo vya boma linapohama.

Tatizo kubwa la mnyama huyu ni uvumilivu wake. Farasi aliyepatwa na msokoto wa tumbo hugaagaa na kutokwa na jasho. Punda husimama kimya, kichwa chini, na kuacha kula. Wengi hudhani amechoka tu. Punda asiyekula kwa siku moja au mbili yumo hatarini, kwani mwili huyeyusha mafuta yake na kuyamwaga damuni hadi ini na figo kushindwa kufanya kazi. Aliye na mimba au aliyenenepa huathirika upesi zaidi. Daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Punda mzima mwenye afya huwa na joto la nyuzi 37 hivi, na hupumua mara 12 hadi 28 kwa dakika.

Msokoto wa tumbo husababishwa na uhaba wa maji, minyoo, meno mabovu, na mchanga anaoumeza anapotafuta majani kwenye ardhi tupu. Mifuko ya plastiki, ingawa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, ingali majaani na huziba utumbo. Maganda ya mathenge nayo, yakiliwa kwa wingi, huweza kuganda tumboni.

Kuhusu lishe, punda wa kilo 150 huhitaji kilo mbili hadi tatu za nyasi kavu au mabua kwa siku. Kosa la kawaida wakati wa ukame ni kumpa aliyedhoofika mahindi mengi kwa mara moja, kwa huruma. Nafaka hiyo huchacha tumboni na huweza kumletea uvimbe mchungu ndani ya kwato. Aanzishwe kwa nyasi kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Vidonda vya mgongoni hutokana na mzigo uliofungwa bila soji au kwa kamba nyembamba. Vioshwe kwa maji safi yenye chumvi, na mnyama apumzishwe hadi vipone. Mafuta machafu ya gari, ambayo baadhi ya watu hupaka, huunguza ngozi. Kidonda kichafu hukaribisha pepopunda, maradhi ambayo hata jina lake la Kiswahili limemtaja mnyama huyu. Punda anayeuma watu ghafla au kushindwa kumeza asitiwe mkono kinywani. Huenda ana kichaa cha mbwa.

Kumpata mwingine si rahisi. Mimba ya punda huchukua takriban miezi 12 na huzaa mtoto mmoja, na biashara ya ngozi iliyoshamiri tangu 2016, kukiwemo kichinjio kimoja Turkana, ilipunguza idadi yao kabla ya Umoja wa Afrika kukubaliana kuisitisha Februari 2024.